Kile cha Waridi

Alifungua fundo la kanga atoe pesa ya dawa,
kikadondoka pamoja na sarafu
kidonge kimoja kilichopauka, rangi ya waridi,
kikabiringika hadi kwenye kitabu changu cha risiti.

Jumatatu hiyo foleni ilifika kwenye bomba la maji.
Harufu ya dagaa kutoka mwaloni Kirumba
ilikuwa imepanda ngazi za kituo bila kupiga hodi.
Nilikwisha kuandika: kutwa mara tatu, siku saba.
Bahasha nilikwisha kuifunga.
Mkono ulikuwa njiani.

"Mama Nyamizi, hiki nini?"
"Hicho? Cha moyo.
Nakinywa kila usiku tangu waliponipasua."
"Daktari hakukuuliza kama una dawa nyingine?"
"Aliniuliza. Nikamwambia sina.
Dawa ni ya mgonjwa, mwanangu.
Hicho miaka sita nakimeza kama ugali.
Nani huhesabu ugali?"

Sikucheka.
Kile cha moyo huilegeza damu
ipite salama kwenye vali ya chuma.
Hiki cha tumbo, nilichokishika,
peke yake hakina ugomvi na mtu;
wakikutana wawili hao, damu husahau kuganda.
Huanza ufizi. Hufuata mkojo.
Kisha kichwani, kimyakimya, mtu akiwa amelala.
Nayajua hayo kwa kusoma.
Nayajua pia kwa mzee Lugwisha wa Igoma,
ambaye sikumuuliza.

Nikapiga simu chumba namba nne.
Daktari Kokugonza alikuwa na mtoto analia kitandani.
"Nini tena? Si nimeandika vizuri?"
"Umeandika vizuri, daktari. Tatizo si mwandiko."
Nikamtajia kidonge.
Upande wa pili nikasikia mtoto tu,
kisha kiti kikisukumwa.

Alikuja mwenyewe, mipira ya kupimia ikining'inia shingoni,
na mbele ya foleni nzima akasema:
"Mama, niliuliza vibaya."
Hakusema, ulijibu vibaya.
Neno hilo nimeliweka.

Akakata mstari, akaandika upya,
akataka damu ipimwe kwanza.
Dakika arobaini. Foleni ikaguna;
kijana mmoja akaondoka akitutukana sote watatu
kwa tusi moja, bila kubagua.

Jioni mjukuu, Sayi wa darasa la tano,
akachora kwenye daftari la hesabu
mwezi mwembamba, na chini yake duara,
akalijaza kwa penseli ya waridi.
Daktari akatia saini. Mimi nikagonga muhuri.
Mama Nyamizi akachovya kidole kwenye wino wangu bila kuambiwa:
karatasi isiyo na dole, alisema, haina mwenyewe.

Ningependa kuishia hapo,
mimi nikiwa ndiye niliyeona.

Lakini mwezi uliofuata stoo ilipangwa upya,
mikebe ikahama rafu,
nami nikamhesabia thelathini, nikamsukumia.
Akavimwaga vyote juu ya karatasi,
akavitandaza kwa kiganja
kama anavyotandaza dagaa juu ya jabali
akiwatoa changarawe.

"Hivi si vyangu."
"Ni vyenyewe, mama. Vya moyo."
"Changu cha waridi. Hivi vya buluu."
"Viwanda hubadilisha rangi," nikasema,
na sauti yangu mwenyewe ikanishtua
kwa jinsi ilivyokuwa na hakika.

Hakubishana.
Akafungua daftari la Sayi,
akachukua kimoja cha buluu,
akakiweka juu ya lile duara, akaniangalia.

Nikageuza mkebe. Jina lilelile.
Nguvu nyingine.

Nje kivuko cha Ukerewe kilipiga honi,
na majabali yakairudisha.
"Nimekosea, mama."
"Haya, badilisha basi," akasema,
akikunja daftari kwapani.
"Dagaa wangu nimewaacha juani,
na makorongo yale hayajui foleni."